Kufa Kufaana: Ulanguzi wa Dawa katika Historia ya Nyanda za Juu Kusini

Mwezi Juni mjini Mbeya, baridi hushuka usiku kutoka Mlima Loleza na kukaa majumbani hadi jua litakapopanda. Katika mwezi huo wa mwaka 1983, nikiwa mwanafunzi wa darasa la nne, mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka miwili alishikwa na kichomi. Mama alimpeleka kwenye kituo kimoja cha tiba cha serikali, akarudi na karatasi. Mtoto alikuwa ameonwa, amepimwa na kuandikiwa sindano za penisilini. Kilichokosekana ni penisilini yenyewe. "Katafuteni nje," mama aliambiwa, na kila mtu mtaani alijua huko nje ni wapi.

Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitoka usiku huo akiwa na redio yetu ya National aliyoifunga ndani ya kitenge cha mama. Alirudi bila redio, na mkononi alikuwa na vichupa sita vya unga mweupe. Karatasi za vichupa hivyo zilikuwa zimekwanguliwa kwa wembe, na baba alisema kwa sauti ya chini kwamba maandishi hukwanguliwa kwenye mali ya umma. Redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikitusomea kila jioni, tangu mwezi Machi, habari za vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi.

Mdogo wangu alipona. Leo ni mama wa watoto watatu. Mtoto wa jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyeshikwa na ugonjwa huohuo wiki hiyohiyo, alizikwa siku ya Jumamosi. Kwao hapakuwa na redio.

Ndugu msomaji, sikuleta kisa hiki ili kutafuta huruma. Wengi wa rika langu waliokulia Mbeya, Iringa, Njombe au Rungwe wana visa vinavyofanana nacho. Nimekileta kwa sababu kwa miaka mingi ya kufundisha historia ya uchumi wa nchi yetu, kila ninapofika mwaka 1983, narudiwa na swali moja: nani aliyemnyima mtoto wa jirani yetu uhai? Jibu la redio lilikuwa jepesi: mlanguzi. Nataka kuonyesha katika makala haya kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kwamba taifa linaloshika nusu hiyo na kuiacha nyingine hujiandaa kuzika tena.

Neno na swali lake

Kiswahili kina neno mahususi kwa jambo hili. Kulangua ni kununua kitu na kukiuza kwa bei inayozidi kiasi kwa sababu mnunuzi hana pengine pa kwenda. Neno hilo halimhusu kila mfanyabiashara. Anayenunua viazi vya Uporoto na kuviuza Dar es Salaam kwa faida si mlanguzi. Amebeba gharama ya lori, hasara ya viazi vinavyooza na taabu ya mlima wa Kitonga. Mlanguzi huuza uhaba. Bidhaa yake halisi ni ule ukweli kwamba penisilini haipatikani kwingine.

Katika dawa, uhaba una ukali usiopatikana katika bidhaa nyingine. Aliyekosa sukari hunywa chai ya rangi bila sukari akasubiri mwisho wa mwezi. Mgonjwa hawezi kuahirisha kichomi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji; katika maduka ya uhaba haulizwi bei pia, hutajiwa. Ndiyo maana wahenga haohao, bila kumung'unya maneno, walituachia msemo wa kufa kufaana.

Kwa hiyo mwanahistoria anapokutana na ulanguzi wa dawa ana maswali matatu ya kuuliza. Uhaba ulitengenezwa wapi? Nani aliuuza? Na ni kitu gani hasa kilichoukomesha? Kwa kawaida sisi huuliza swali la pili tu, kwa kuwa muuzaji ndiye tunayemwona uso.

Somo la kwinini

Nyanda za Juu Kusini zina baridi, lakini zimezungukwa na mabonde ya homa: Kyela na ufuko wa Ziwa Nyasa, Usangu, Pawaga na bonde la Ruaha. Aliyeshuka kutoka milimani kwenda kulima mpunga, kuvua au kubeba mizigo alishukia katika malaria. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia watu wengi walishushwa kwa nguvu. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaitwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwezi Mei, na Iringa mwezi Agosti. Upande wa Wajerumani ulikuwa umefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza. Kwinini yao ilitegemea miti iliyopandwa Amani, katika milima ya Usambara. Kituo cha utafiti cha Amani kilitengeneza vidonge, na vidonge vilipoadimika magome yalichemshwa na kunywewa maji yake machungu, ambayo wanajeshi waliyapachika kwa mzaha jina la pombe kali ya Lettow, kamanda wao.

Dawa ilipopungua, foleni ilipangwa kwa cheo. Wazungu na askari walitangulia. Wapagazi walikuwa mwisho, nao walikufa kwa maelfu kwa magonjwa. Hapo hapakuhitajika mlanguzi mwenye duka. Uhaba wenyewe ulitosha kuamua nani aishi.

Vita vilipokwisha, mlanguzi wa kwinini aliendelea na kazi yake, lakini hakukaa Mwanjelwa wala Miyomboni. Alikaa Amsterdam. Wakati huo sehemu kubwa kabisa ya magome ya kwinini duniani ilitoka kisiwa cha Java, koloni la Uholanzi, na tangu mwaka 1913 wakulima wa Java na wenye viwanda vya Ulaya walikuwa wamefunga makubaliano ya kugawana soko na kupanga bei. Ofisi iliyosimamia mambo hayo, Kina Bureau, ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1928 serikali ya Marekani iliwafungulia washirika wake kesi ya kuhodhi biashara. Hawa walikuwa watu wa heshima, wenye suti na mikataba iliyopigwa mihuri. Hakuna aliyewaita walanguzi. Na mwaka 1942, Japani ilipoiteka Java, ulimwengu uligundua katika majuma machache hasara ya kuacha dawa ya uhai itoke mlango mmoja.

Ili msomaji asidhani kwamba hapakuwa na njia nyingine, ataje pia Italia. Huko malaria iliua maelfu ya wakulima kila mwaka, na sheria ya mwaka 1900 iliipa serikali jukumu la kuuza kwinini kwa bei ndogo iliyotangazwa, tena kupitia maduka ya tumbaku ambayo yalikuwepo hata katika vijiji vya mbali. Vifo vya malaria vilishuka sana katika miaka iliyofuata. Muuza tumbaku wa Italia hakuwa mtakatifu kuliko wauza tumbaku wengine. Aliuza kwa bei ya haki kwa sababu dawa ilikuwepo, bei ilijulikana, na jirani yake aliuza dawa ileile.

Rafu tupu za mwaka 1983

Turudi nyumbani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa nje iliwekwa mikononi mwa umma: kwanza Shirika la Biashara la Taifa, kisha Kampuni za Biashara za Mikoa ambazo sisi sote tuliziita RTC. Dawa zilikuwa na kampuni yake, NAPCO, na hospitali za serikali zilihudumiwa na Bohari Kuu ya Madawa. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei na kuundwa Tume ya Bei ya Taifa. Mwaka 1977 tiba ya binafsi ya kujipatia faida ilipigwa marufuku, hospitali za misheni zikabaki. Nia ya mambo haya yote ilikuwa njema, na sitawacheka waliobuni. Katika miaka hiyo zahanati zilijengwa vijijini kwa kasi ambayo wakoloni hawakuwahi hata kuiota.

Lakini zahanati ni jengo. Dawa hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na neema ya bei ya kahawa ikaanza kupita. Oktoba 1978 Idi Amin aliivamia Kagera, na vita vya kumwondoa vikala hazina. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani. Viwanda vya dawa vya Keko, Dar es Salaam, na TPI, Arusha, vilihitaji malighafi za nje, na malighafi zilihitaji dola zilezile zilizokuwa zikigombewa na mafuta, vipuri na chakula. Kidogo kilichofika bandarini kilikuwa bado na safari ya zaidi ya kilomita 800 kufika Mbeya, kwa lori lisilo na matairi ya akiba au kwa reli ya TAZARA iliyokuwa ikisubiri vichwa vya treni. Kila kituo njiani kilikuwa na ghala, kila ghala lilikuwa na mtunza ghala, na mshahara wa mtunza ghala ulikuwa haumfikishi katikati ya mwezi.

Hapo ndipo uhaba ulipotengenezwa. Bei halali ya penisilini ilikuwa ndogo, na ilikuwa imeandikwa. Ila kwa bei hiyo haikuwepo. Pengo lililokuwa kati ya bei ya kwenye karatasi na kilio cha mama mwenye mtoto ndilo lililokuwa shamba la mlanguzi, na mpakani Tunduma, ambako bidhaa na fedha zilivuka kwa njia za panya kwenda Zambia na kurudi, shamba hilo lilikuwa na rutuba zaidi.

Mwezi Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza msako wa nchi nzima. Ilitungwa Sheria ya Uhujumu Uchumi, ikaundwa mahakama maalumu isiyotoa dhamana wala kuruhusu mawakili. Wananchi wengi walishangilia, na nyumbani kwetu tulishangilia pia. Sokoine mwenyewe aliheshimiwa kwa uadilifu wake, na kifo chake katika ajali ya barabarani Aprili 12, 1984, kiliwaliza hata waliompinga. Lakini heshima hiyo isituzuie kupima matokeo. Hofu iliwafanya wenye bidhaa wazifukie, wazichome au wazitupe mitoni usiku. Wafanyabiashara wadogo walijaa rumande pamoja na wakubwa. Rafu zilizokuwa na kidogo zikabaki na vumbi. Msako haukuweza kuleta meli bandarini wala kuvuta lori kupanda Kitonga. Mwezi Juni, miezi mitatu baada ya msako kuanza, baba alilipa penisilini kwa redio. Hatari ya kukamatwa ilikuwa imeongezwa kwenye bei, na aliyelipia hatari hiyo ni baba. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ilibadili sheria ile, na katika bajeti ya mwaka 1984 ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikopatikana.

Sanduku lililofungwa

Jambo ambalo historia yetu hulisahau ni kwamba katika kipindi kilekile cha mahakama maalumu, serikali ilianza kazi nyingine isiyo na kelele. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwaka 1977 orodha ya kwanza ya dawa muhimu, likisema kwamba maradhi mengi ya watu wengi yanatibika kwa dawa chache zisizo ghali. Tanzania, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, ilianzisha Mpango wa Dawa Muhimu. Dawa za msingi kwa zahanati na vituo vya afya vya vijijini zilifungwa katika masanduku kabla ya kuanza safari, zikapelekwa kwa mzunguko unaojulikana, zikiwa na orodha ya kila kilichomo ndani.

Tafakari maana ya sanduku hilo. Mtunza ghala hakuhitaji kuwa malaika, kwa sababu sanduku lilifika kwake limefungwa na likaondoka limefungwa. Mganga wa zahanati aliweza kulifungua mbele ya viongozi wa kijiji na kusoma orodha. Mwanakijiji alijua mwezi huu sanduku limekuja au halijaja. Uhaba haukwisha, lakini sehemu kubwa ya giza lililoulea iliondoka. Ulanguzi wa klorokwini na penisilini katika vijiji vilivyofikiwa ulikosa mnunuzi, kwa kuwa hakuna anayeuza redio kwa ajili ya kitu kinachotolewa bure umbali wa saa mbili kwa miguu.

Masanduku yalikuwa na kasoro. Yalipeleka kila mahali dawa zilezile, hata zahanati ya milimani Makete ikapata dawa nyingi za malaria na kupungukiwa za kifua. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kuhamia katika utaratibu wa kila kituo kuagiza kinachohitaji. Mfumo wa kuagiza uliojumuisha dawa za aina zote ulijaribiwa mwaka 2005 katika mikoa ya Iringa na Dodoma. Hata hivyo, nikiulizwa kipi kilimpiga mlanguzi wa dawa zaidi katika miaka ya 1980, mahakama maalumu au sanduku, nitajibu sanduku.

Ukimwi na bei ya uhai

Miaka ya 1990 ilifungua milango. Tiba ya binafsi iliruhusiwa tena mwaka 1991. Uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyounda Bohari ya Dawa, MSD, ambayo leo ina maghala ya kanda Mbeya na Iringa. Maduka ya dawa baridi yalichipuka kila stendi. Rafu zikajaa. Wengi tulidhani habari ya walanguzi imekwisha pamoja na foleni za sukari.

Kisha ikaja zamu ya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima wa Tanzania Bara, asilimia 7 walikuwa na virusi. Mbeya walikuwa asilimia 13.5 na Iringa asilimia 13.4, mikoa miwili iliyoongoza nchi nzima. Barabara kuu ya kwenda Zambia, mashamba ya chai, vituo vya malori vya Makambako na Tunduma, vyote vilitajwa. Nilizika binamu wanne katika miaka hiyo. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani tangu mwaka 1996, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Kwa familia ya Mafinga au Vwawa, bei hiyo ilikuwa namna ya adabu ya kusema hapana.

Uhaba huu nao ulitengenezwa. Kemikali zilikuwepo, viwanda vilikuwepo, wagonjwa walikuwepo kwa mamilioni. Kilichosimama katikati ni hataza, haki ya kisheria ya kampuni kuzuia wengine wasitengeneze dawa ileile. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba ingeweza kuuza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Aprili mwaka huohuo kampuni 39 za dawa ziliondoa kesi zilizokuwa zimeifungulia serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria yake ya dawa nafuu. Novemba, mkutano wa biashara uliofanyika Doha ulithibitisha kwamba nchi zina haki ya kutanguliza afya ya umma mbele ya hataza. Mwishoni mwa mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bure. Leo dozi ya kawaida ya mwaka hununuliwa kwa jumla kwa chini ya dola 50.

Kutoka zaidi ya dola 10,000 hadi chini ya dola 50. Hakuna mlanguzi wa stendi ya Mbeya aliyewahi kuweka faida ya namna hiyo, wala hakuna polisi aliyewahi kuishusha. Ilishushwa na ushindani wa watengenezaji, sauti za wagonjwa waliokataa kufa kimya, na fedha za umma zilizonunua kwa wingi na kwa bei iliyo wazi.

Mtu wa kati anapowekwa mwangani

Je, basi muuzaji mdogo hana tabia yake? Anayo, na imewahi kupimwa. Mwaka 2007, klorokwini ikiwa imeshindwa na dawa mseto za malaria zikiwa ghali mno madukani, ulifanyika mradi wa majaribio katika wilaya za Maswa na Kongwa. Dawa mseto ziliingizwa kwa ruzuku kubwa kwenye ngazi ya muuzaji wa jumla, kisha zikaachwa zishuke zenyewe kupitia wasambazaji hadi maduka ya dawa baridi. Wenye mashaka walisema watu wa kati wataila ruzuku yote njiani. Haikuwa hivyo. Mnunuzi wa mwisho alizipata kwa bei iliyokaribiana na ya dawa za zamani, na katika mwaka mmoja sehemu ya wateja waliochagua dawa hizo ilipanda kutoka asilimia 1 hadi karibu 44. Maduka ya mbali yalifikiwa kwa shida, jambo linalotukumbusha kwamba umbali ni aina ya uhaba. Lakini pale ambapo dawa ilikuwa tele na bei ikijulikana, muuzaji aliridhika na faida ya kawaida.

Kinyume chake tulikiona tulipozembea. Kufikia mwaka 2014 serikali ilikuwa ikidaiwa na MSD deni lililozidi shilingi bilioni 100. Bohari isiyolipwa hainunui. Hospitali isiyoletewa huandika karatasi ileile aliyopewa mama mwaka 1983, na duka lililo ng'ambo ya barabara hupandisha bei. Bajeti ya dawa ilipoongezwa kutoka shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16 hadi bilioni 251 mwaka 2016/17, hali ilianza kubadilika. Aidha, mkoa wa Dodoma ulikuwa umeanza mwaka 2014 utaratibu uitwao Jazia: pale MSD inapokosa dawa, vituo vyote vya mkoa hununua kwa mshitiri mmoja aliyeshinda zabuni, kwa bei iliyofungwa na mkataba. Kuanzia mwaka 2018 utaratibu huo ulipelekwa nchi nzima. Mtu wa kati hakufukuzwa. Aliwekwa mwangani.

Je, mlanguzi asamehewe?

Najua swali litakaloulizwa, kwa sababu wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: kama uhaba hutengenezwa juu, basi anayeuza dawa kwa bei ya kukamua huku mtoto akihema hana hatia? La hasha. Hatia yake ni kamili. Anayeiba dawa ya umma na anayeificha ili bei ipande wanastahili mkono wa sheria, na sheria ipo. Ninachokataa ni kumfanya yeye kuwa maelezo ya jambo zima.

Miaka 20 baada ya usiku ule wa redio, nilimkuta msibani mtu aliyemuuzia baba vichupa vile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za mdogo wangu kwa jina. Hakukana. Alisema vichupa aliuziwa na mtu wa ghala kwa fedha nyingi, na mtu wa ghala alikuwa na mkubwa wake wa kugawana naye. "Ile redio niliiuza wiki ileile," aliniambia, "nikanunua sukari na mafuta ya taa kwa bei ya magendo." Kisha akanyamaza, akatazama jeneza. Sikumsamehe siku ile, wala hakuniomba msamaha. Lakini niliondoka nikiwa nimeelewa jinsi mlolongo ulivyokuwa mrefu: kila aliyelangua alikuwa amelanguliwa na aliye juu yake, na mzigo wote ulimshukia mtoto asiye na redio nyumbani kwao.

Naandika haya kwa sababu ya yale yaliyotokea Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Dawa za Ukimwi za wananchi wetu kwa sehemu kubwa hulipiwa na fedha za nje. Nilisikia siku zile, katika daladala na kanisani, minong'ono ya watu waliotaka kujua kama kuna mahali dawa zitauzwa, na kwa bei gani. Soko la uhaba lilikuwa limeanza kunusa kabla hata uhaba haujafika.

Kazi iliyo mbele yetu si ngumu kuieleza. MSD ilipwe kwa wakati, kabla ya semina na kabla ya magari. Fedha za dawa zisizokubalika kukosekana, za Ukimwi, kifua kikuu na kisukari, zitengwe katika bajeti yetu wenyewe hata kama ni kidogo kidogo. Viwanda vya ndani vipewe soko la uhakika na vikaguliwe bila huruma. Kamati za afya za vituo, ambazo zipo kisheria na nyingi zimelala, zipewe nakala ya kila kilichopokelewa. Na bei za maduka ya dawa zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo bibi ataweza kuyasoma au kusomewa na mjukuu.

Mwezi uliopita nilipita kwenye zahanati moja ya kijiji katika Wilaya ya Kilolo, Iringa. Karibu na mlango palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: dawa zilizopokelewa, tarehe, idadi, na chini yake sahihi za watu watatu, mmoja wao akiwa amepiga dole gumba. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akiisoma mstari kwa mstari kwa kidole, akitafuta jina la dawa aliyoandikiwa. Alilipata, akaingia ndani.